Kengele ya Chai

Katika jengo letu la ghorofa nne mjini Kitui, mimi ndiye niliyesimamia usalama wa lifti. Cheo hicho sikukiomba. Fundi alipomaliza kuifunga alitafuta mtu mwenye meza na kalamu, akanikuta. Akanionyesha kitufe chekundu chenye picha ya kengele, akasema kijaribiwe kila siku ya kazi, saa ileile.

Nilichagua saa nne asubuhi. Kengele ilisikika jengo zima, nami nikarudi mezani nikiwa nimeokoa maisha ya watu. Mama wa chai naye akaona hakuna haja tena ya kugonga milango. Kengele ikilia, anafunua ndoo ya mandazi pale ghorofa ya kwanza. Baada ya miezi michache hakuna aliyeisikia bila mate kumjaa mdomoni. Nilijisifu kwamba hakuna kengele ya dharura inayoitikiwa haraka kama yetu.

Wakati huo mama yangu alikuwa na safari ya kutoka Mutomo kuja kumwona daktari wa magoti, na kwanza angepitia ofisini kwangu, ghorofa ya nne. Alikuwa na presha pia. Ngazi zilimshinda, na lifti aliiogopa.

"Nikikwama huko ndani?" aliniuliza kwa simu.

Nikamweleza habari za kitufe chekundu.

"Na wewe ukiwa huko juu, utanisikia?"

"Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba chetu, "hiyo kengele ndiyo kazi yangu. Nitakusikia."

Alinipigia akiwa chini, saa tano na nusu. Nilikuwa na mgeni mezani, kwa hiyo nikamwomba ampe simu mwenye duka la vitambaa, mzee wa Kiislamu aliyehamia kwetu kutoka Garissa. Mzee akakubali kumwingiza na kumbonyezea namba nne.

Muda si mrefu, kengele ikalia.

Ningependa kuandika kwamba nilishtuka. Nilimwacha mgeni, nikachukua kikombe. Mama hakunijia akilini hata kidogo. Nilijua yuko dukani bado, maana mama yangu hana salamu fupi. Nilishuka ngazi na wenzangu, nikiuliza kwa sauti kama mandazi yamebaki, la sivyo tunaitiwa nini mara ya pili. Tulipokuwa kati ya ghorofa ya tatu na ya pili, kengele ikalia tena, ndefu zaidi. Tukacheka kwamba leo mama wa chai ana haraka.

Chai haikuwepo. Mama wa chai alikuwa anaosha vikombe.

"Nani huyo anacheza na kengele?" akatuuliza.

Nikasema ni watoto wa wateja, nikaahidi kuwachapa, nikarudi juu. Mazoea yana taabu.

Robo saa ikapita. Ndipo yule mzee wa dukani alipoingia ofisini akihema, ameshika jozi ya viatu.

"Mama yako ameacha viatu chini, kwa mlango ya lifti. Nimeona nilete, asitembee hivyo."

Mama yangu hakanyagi sakafu inayong'aa akiwa amevaa viatu. Viatu vile vilikuwa vyake kabisa.

"Lakini bado hajafika," nikasema.

Mzee akavitazama vile viatu mkononi mwake. "Sisi huko msikitini, viatu ikiwa kwa mlango, mwenyewe bado ako ndani."

Nilimpigia, simu yake haikupatikana; nikakimbia nikigonga kila mlango wa lifti. Baina ya ghorofa ya pili na ya tatu mama aliitika, kwa sauti nyembamba. Fundi, ambaye kwa bahati alikuwa mjini, aliitwa aje na ufunguo wake. Mpaka alipofika nilikaa sakafuni nikizungumza na mama kupitia mlango, nikiomba presha isimpande. Nililia, na sioni aibu kusema.

Alitoka ameloa jasho, peku, amekumbatia mfuko wa ndengu alioniletea.

"Sauti yako niliisikia," akasema. "Ulipita hapa ukiuliza kama mandazi yamebaki. Ndiyo maana nikabonyeza tena."

Nilipiga magoti nimvalishe viatu, maana kumtazama usoni sikuweza. Akaweka mkono wake kichwani mwangu.

"Na hayo mandazi," akauliza, "yalikuwa yamebaki?"