Baraza la Wapita Njia

Mdogo wangu wa kiume anaitwa Bwana Mbele tangu utotoni. Jina hilo nilimpa mimi na sijutii. Alikuwa na sweta ya shule, basi kila asubuhi alipiga pasi kola ya shati na kile kipande kidogo cha kifuani kinachoonekana. Mikono na mgongo aliviacha vimekunjamana vilevile, maana vitafunikwa. Siku moja joto lilizidi, mwalimu akaliambia darasa zima livue sweta. Yeye aligoma. Alikaa nayo mpaka kengele ya mwisho, jasho linamtiririka hadi kidevuni, eti anasikia baridi. Mtu wa namna hiyo habadiliki, anarefuka tu.

Alipokuwa mkubwa alipata kazi inayomfaa: anauza makochi. Makochi ya dukani kwao yanang'aa mbele, lakini mgongoni yamezibwa kwa gunia, kwa sababu mgongo utaegemezwa ukutani na hakuna atakayeuona. Aliniambia haya mwenyewe, kwa fahari, kama mtu anayenifunulia siri ya maisha. Anavaa tai hata siku ya kuhesabu misumari stoo.

Baba alipofariki, Bwana Mbele alibaki kwenye nyumba ya wazazi pamoja na mkewe na mama yetu. Mimi nimeolewa mitaa michache kutoka pale, na Jumapili nyingi nipo kwao. Nyumba ni ya kawaida: vyumba vitatu, jiko nyuma, na mbele kuna baraza lililoinuka, lenye ngazi tano za kushukia na vyuma vya kushikilia pande zote mbili. Sakafu ya baraza na ngazi baba alizipaka rangi ya damu ya mzee. Ukingoni mwa kila ngazi alichora mstari mweupe mnene. Vyuma alivitia rangi ya manjano ya kuumiza macho. Watu walicheka sana. Walimuuliza anafungua kituo cha mafuta lini. Baba naye alicheka nao, na ile rangi ikichakaa kidogo, anaingia stoo, anatoka na brashi na kurudia vilevile.

Alifanya hivyo kwa ajili ya macho ya mama. Macho yake yalianza kufifia zamani, na daktari alisema hayatarudi. Mama anaona nuru na giza, anaona cheupe kikiwa juu ya cheusi. Rangi za katikati zinamponyoka. Lakini kwa ile mistari na ile manjano alikuwa anatoka mwenyewe, anashuka mwenyewe, anakwenda mpaka getini kusalimiana na majirani, kisha anarudi kukaa kwenye kiti chake barazani. Hamwiti mtu. Mwanamke aliyebeba watoto wote mgongoni hataki kushikwa mkono kama kifurushi, na mimi namwelewa.

Sasa bosi wa Bwana Mbele akatangaza kwamba atakuja kumtembelea nyumbani, yeye na mke wake. Kulikuwa na duka jipya linafunguliwa na bosi alikuwa anatafuta mtu wa kulisimamia. Mdogo wangu akapagawa. Bomba la jikoni linavuja tangu msiba wa baba, mlango wa choo unafungwa kwa kamba, lakini hayo hayakumhusu. Alichowaza ni kitu kimoja: bosi akishuka kwenye gari, ataona nini?

Nilimkuta amesimama ng'ambo ya barabara na kadi ya rangi kutoka dukani, ameinyoosha mbele yake, jicho moja amelifumba. Magari yanampigia honi, naye hasikii. Alipovuka akanionyesha vile vipande vya rangi. Kimoja kiliitwa Moshi wa Alfajiri, kingine Jiwe la Mtoni, kingine Jivu Tulivu.

"Zote hizi ni kijivu," nikamwambia.

"Dada, wewe huna jicho."

"Mwenye tatizo la jicho humu ndani si mimi. Ukipaka sakafu kijivu, na ngazi kijivu, na vyuma kijivu, mama atashukaje?"

Akaguna. "Mama ameishi hapa miaka yote. Ngazi hizi anazijua kwa miguu."

"Baba alikuwa anapaka ile mistari kwa sababu gani, unafikiri?"

"Baba, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa rangi. Na wewe una kwako. Pilipili usiyoila yakuwashia nini?"

Nilimjibu maneno ambayo sitayarudia hapa. Mama alitusikia kutoka sebuleni. Akaniita, akanishika mkono na kusema polepole, "Mwache, mama. Nyumba sasa ni yake. Kama kazi ataipata kwa rangi, apake." Mama akishasema, nitasema nini tena? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini katika nyumba ile aliyekuwa hatarini kuvunjika guu ni mkuu mwenyewe.

Fundi rangi alikuja, akapiga msasa ile manjano ya baba mpaka vumbi lake likatapakaa uwanja mzima. Alimsifu mdogo wangu kila baada ya dakika mbili, maana alishamjua mteja wake ni wa aina gani: "Bosi, hii ni kazi ya kwenye majumba makubwa." Bosi! Bwana Mbele akavimba kifua, akamwongezea chai. Alipomaliza, baraza lilikuwa kijivu, ngazi kijivu, na vyuma kijivu kilichokolea kidogo. Hata mimi ninayeona vizuri, ukinitoa ndani ghafla sijui ngazi inaishia wapi. Mama aliletwa mlangoni. Alivuta harufu, akagusa ukuta kwa vidole.

"Imependeza sana, mwanangu," akasema.

"Umesikia, dada?" mdogo wangu akanigeukia, meno yote nje. Anaomba sifa za rangi kwa mtu asiyeiona, anapewa kwa huruma, na anazipokea kwa mikono miwili. Miwani ya mbao nimeona nyingi, lakini yake ilikuwa ya mninga mtupu.

Tangu siku hiyo mama hakutoka. Jumapili ya kwanza alisema jua ni kali. Nyingine akasema upepo. Baadaye akaanza kuyasingizia magoti, na magoti ya mama hayajawahi kuwa na ugonjwa wowote. Alikaa sebuleni, uso kauelekeza dirishani, na jirani akipita getini wanapaziana sauti kama watu waliotenganishwa na mto. Kiti chake cha barazani kiliondolewa, maana hakikuoana na rangi. Wifi aliweka pale chungu cha maua ya plastiki.

Bosi akaja Jumapili moja na mke wake. Walikuwa watu wa heshima, siwezi kusema uongo. Walikunywa soda, bosi akasifu baraza, na mdogo wangu akamtajia jina la rangi mara tatu. Halafu bosi akapendekeza tupige picha ya pamoja pale chini, nyumba ionekane nyuma. Bwana Mbele alitaka kuruka kwa furaha. Akawapanga wageni uwanjani, akanituma ndani nikachukue shali ya mama, naye akapaza sauti, "Mama, njoo tupige picha!"

Niliporudi na shali, mama alikuwa ameshatoka, na mkono wa wifi ameukataa. Alisimama juu ya ngazi, ndani ya gauni lake la kutokea, anapapasa hewa kutafuta chuma asichokiona. Aliutanguliza mguu mmoja, akaurudisha. Akautanguliza tena. Kisha akakusanya gauni, akaketi pale pale sakafuni, akaanza kushuka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, kiganja kinatafuta ukingo. Mke wa bosi akaishusha simu yake.

Bwana Mbele alimkimbilia, uso umemwiva. Sikumsikia akisema pole. Alisema hivi, kwa mnong'ono ambao wote tuliusikia:

"Mama, inuka basi, watu wanaona!"

"Wanaona?" mama akajibu, bila kusimama. "Heri yao."

Akaendelea kushuka mpaka chini. Picha haikupigwa. Duka jipya mdogo wangu alipewa hata hivyo, nadhani bosi naye ni mtu wa makochi.

Kesho yake alipokwenda kazini na tai yake, mimi nilinunua kopo la nyeupe na kopo la manjano, nikaenda kule sijaaga mtu. Nilipiga magoti, nikachora mstari kila ukingo wa ngazi, na vyuma nikavipaka vyote. Mimi si fundi. Rangi ilinidondokea mapajani na mistari ikaenda ilivyotaka. Sikujali. Nililia kidogo pia, kwa hasira na kwa kumkumbuka baba.

Jioni Bwana Mbele akarudi. Alisimama getini ameduwaa, nikajiandaa kwa vita. Hakunitukana. Alivuka barabara, akafumba jicho moja, akatazama. Aliporudi alisema, "Dada, mistari imepinda. Ukiwa kule inaonekana vibaya mno." Akavua tai, akaleta utepe wa karatasi, akaubandika kwa rula, akainyoosha mistari yangu yote mpaka giza likaingia. Hakumtaja mama hata mara moja. Aliinyoosha kwa ajili ya wapita njia, na mimi nikamwachia brashi.

Rangi ilipokauka mama alitoka. Alisimama juu, akainamisha kichwa, akatazama chini kwa muda mrefu. Halafu akashika chuma cha manjano, akashuka, wima, akaenda mpaka getini. Jirani alikuwa anapita.

"Umeona alivyonipakia mwanangu?" mama akamwambia, sauti juu. "Kwa mkono wake mwenyewe, mpaka usiku. Kama baba yake."

Jirani akamsifu Bwana Mbele. Yeye alikuwa barazani, akarekebisha tai, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu kama mtu aliyefanya jambo. Manjano ilikuwa bado imenigandia kwenye kucha. Niliifunua midomo niseme, kisha nikaifunga, kwa sababu mama alikuwa amesimama getini anacheka, na hakuna mtu aliyemshika mkono.