Maneno Niliyomtilia Jambazi Kinywani

Miaka ya themanini ikielekea kuisha, nilikuwa na kazi pale Mwingi ambayo mama yangu aliona haya kuitaja kanisani. Kulikuwa na kibanda cha mabati nyuma ya soko. Mwenye video akishawasha jenereta, mimi husimama kando ya televisheni na kuwatafsiria watazamaji filamu kwa Kikamba. Nyingi zilikuwa za Kichina, na Kichina sikijui hata leo. Nilitazama midomo na bastola, nikatunga. Watu walipenda uongo wangu kuliko picha yenyewe, wakaniita mwalimu, nami kichwa kikanivimba.

Filamu moja ilikuwa na jambazi aliyevamia duka. Nilimtilia maneno haya kinywani: "Laleni chini muonje vumbi! Atakayekohoa nitamzika na kikohozi chake." Baada ya wiki chache kibanda kizima kilikuwa kikiyasema pamoja nami.

Kisha mchana kweupe, siku ya mnada wa mbuzi, duka la mzee mmoja Mwislamu likavamiwa, naye akakatwa panga begani. Kwenye baraza la chifu alisimama na bendeji yake akaeleza alivyoamrishwa, tena kwa Kikamba: aonje vumbi, na akikohoa atazikwa na kikohozi chake.

Mchungaji alikuwa tayari anapaaza sauti kwamba maneno hayo yametoka kwenye ile sinema ya duka kuvamiwa, na kwamba sinema ndizo zinazofundisha vijana wetu ujambazi. Mimi nilijua sinema haina hatia yoyote. Siku hizo mtu akiitiwa mwizi sokoni hakufika kituo cha polisi akiwa hai, na maneno yale yalikuwa yangu.

Chifu akakata shauri. "Twende tuone hii sinema na macho yetu. Na wewe kijana, utafsiri vile wewe hutafsiri."

Tulijazana kibandani, mzee akakalishwa benchi la mbele. Jambazi alipoingia dukani pale kwenye picha, nilitunga upya. Nikasema, "Wazee, samahani. Tupeni kilicho kabatini, twende zetu." Vijana waliozoea kuyasema pamoja nami walitazama miguu yao. Hakuna aliyetaka kuonekana anayajua yale mengine.

"Hapa hakuna hayo maneno," chifu akasema, na mchungaji akakubali shingo upande. Mzee alinipa mkono wa upande uliokuwa mzima, akanishukuru kwa kumsaidia kutafuta ukweli. Niliona aibu kumtazama usoni.

Watu walipotawanyika nilibaki nikikunja waya za jenereta, moyo ukianza kutulia. Mtu mmoja wa benchi la nyuma, mteja wa kila wiki ambaye sikuwahi kumjua jina, akaja akasimama karibu nami, akitabasamu.

"Mwalimu," akasema taratibu, "leo umeruka ile maneno yetu."