Alimwambia Afande, Hakumwambia Mkewe

Ukitaka kuchoka hapa duniani, wafundishe askari wastaafu habari za kuugua. Mimi ni muuguzi mstaafu. Kila mwezi nakutana na wazee waliokuwa jeshini, kwenye ukumbi wa kanisa hapa Tunduma. Swali langu ni moja: siku ukizidiwa, huwezi kusema, nani atasema unavyotaka kutibiwa? Jamani! Utadhani nimewatukana. "Mama, acha uchuro," wananiambia. Nawaambia mficha maradhi kifo humuumbua, wanacheka, wanaulizia chai.

Mmoja tu alinielewa, mkulima wa kahawa kutoka Mbozi, figo zake zimechoka na daktari ameshamweleza ukweli. Siku hiyo alisimama wima kama yuko gwarideni. "Nikizidiwa, nisipelekwe Mbeya kwenye mashine. Nataka kufia kitandani kwangu, nikisikia watu wakienda shamba."

Nilifurahi mpaka nikapiga makofi. Nikamwuliza, neno hilo umemwachia nani? Akamwonyesha mzee wa kiti cha mbele, aliyekuwa mkuu wake kikosini. "Afande ameshapokea." Afande akaitikia kwa kichwa, basi, kwao kazi imekwisha!

"Na mkeo je?"

"Mama, mambo mazito hupelekwa kwa mkubwa. Mke wangu atalia tu."

Nikamsihi akamwambie. "Sawa, sawa," akasema. Nawajua mimi hao, sawa yao ni ya kukunyamazisha.

Alipoanguka, kaka yake alikodi gari. Afande mwenyewe alinisimulia: alifika uani na mkongojo wake, akasema mgonjwa hataki kwenda Mbeya. Ndugu wakamwuliza: "Shikamoo, mzee. Lakini kwenye ukoo huu wewe ni nani?" Huku kwetu mgonjwa ni wa ukoo, cheo kinabaki kambini. Wakampakia. Akafia hospitalini, mpira puani, mkewe yuko nje kwa sababu muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umepita.

Nilikwenda msibani nimechoka mwili na roho. Nikamweleza mjane maneno aliyoyasema mumewe ukumbini. Akafunga khanga yake upya.

"Jioni ile kabla hajaanguka nilikaa naye kitandani," akasema. "Nikamwuliza, mzee wangu, unataka nikufanyie nini? Akaniambia, maji tu."