Baba mkwe mtarajiwa na choki pana

Leo nimepiga risasi moja yenye gololi tisa, na karatasi yangu ikapatikana na matundu kumi na moja. 😭

Baba yake Wanjiku, yule msichana nataka kuoa, alinipeleka uwanja wa shabaha huko Ruiru. Bunduki ni yake na leseni anayo, msianze.

Sasa, hiyo bunduki hufungwa choki, kachuma ka kuingia kwa mdomo. Ikiwa nyembamba, gololi zinaenda zimeshikana. Ikiwa pana, kila moja inaenda kwao.

Mzee akanifungia nyembamba. "Hii ni ya wanaojifunza."

Nikapiga.

Yeye akafunga pana, akarudi nyuma hatua kama kumi, ati nione vile wanaume hupiga.

Akapiga.

Tukaenda kuangalia karatasi.

Ya mzee: saba kati ya tisa.
Yangu, hapo kando yake: kumi na moja.

Mwalimu wa uwanja akahesabu mara mbili. Akaniangalia. Akamwangalia mzee. Mzee akaangalia mawingu.

Watu wangu, hapo mngesema nini? Mimi bado nataka bibi!

Nikasema, "Nafikiri risasi yangu ilikuwa imejazwa sana."

Mzee akakohoa. "Hata mimi nilisikia ni nzito nikikupatia."

Tukarudi mpaka kwake Ngoingwa. Tulipofika kwa gate yake ndio akanigeukia.

"Leta wazee wenu Jumamosi. Na hiyo karatasi kuja nayo, tuichome."