Kilichokatika Kwenye Gari la Imalingat

Cornelius Imalingat alikuwa dereva kabla hajawa fundi. Gari lake lilikuwa kuukuu, jeupe lililofifia, na kila siku ya soko alipakia watu na mizigo Busia, upande wetu wa Uganda, akawapeleka Tororo. Kiti cha mbele kilikuwa cha mama Taaka wa Masaba, mchuuzi wa mukene, wale dagaa wadogo ambao jirani zetu wa Kenya huwaita omena. Hakuna aliyethubutu kukikalia kabla yeye hajafika. Alikuwa mnene wa mwili na mwepesi wa ulimi, na njia nzima alimtania Imalingat kwamba anaendesha kama mtu aliyekutana na mama mkwe wake njiani.

Jioni moja gari lilianza kukwaruza kila alipokanyaga breki. Imalingat alilipeleka kwa fundi wa kando ya barabara, kijana mchangamfu aitwaye Arnold, naye akasema padi za breki zimekwisha. Akapiga jeki, akatoa gurudumu, akafungua kile chuma kizito kinachobana diski ili gari lisimame. Mafundi hukiita kalipa. Alipoifungua, aliiachilia tu. Kalipa ikabaki inaning'inia hewani kwa mpira wake mwembamba, ule unaopitisha mafuta ya breki, huku Arnold akivuka barabara kutafuta padi mpya na kunywa chai. Imalingat alikuwa amesimama palepale akiongea kwenye simu. Aliiona ikiyumba kama kengele ya kanisa, wala hakuona ubaya. Yeye alikuwa mtu wa usukani. Mambo ya chini ya gari aliwaachia wenyewe.

Padi mpya zikafungwa, kelele zikaisha, na kwa wiki chache gari lilikwenda vizuri kabisa.

Kisha ikafika siku ya soko iliyotanguliwa na mvua. Walikuwa wameshapita nusu ya njia. Kwenye mteremko unaoshuka kwenye mashamba ya mpunga, ng'ombe walikuwa wakivuka barabara. Imalingat alikanyaga breki, na pedali ikazama hadi chini kama mguu unaoingia matopeni. Akakanyaga tena, na tena. Nguvu kidogo iliyobaki haikutosha kwa gari lililojaa watu na magunia. Akashusha gia, akavuta breki ya mkono, akaona ng'ombe wanakuja mbele ya kioo, akazungusha usukani. Gari likatoka barabarani, likaingia kwenye mpunga, likalala ubavu.

Watu walitoka wamejaa matope na mukene. Hakuna aliyekufa. Lakini mama Taaka, aliyekuwa mbele, alivunjika mfupa wa bega.

Imalingat alimfuata hospitali na sukari na sabuni, kama ilivyo desturi. Alimkuta amelala, mkono umefungwa kifuani.

“Mama, mimi nakuja kuomba msamaha.”

“Ulikuwa umelewa?”

“Hapana, mama. Mimi sinywi.”

“Ulisinzia?”

“Hapana. Breki ilikataa.”

“Breki si mtu. Haiwezi kukataa. Nini ilikatika?”

“Sijui, mama.”

“Msamaha nimekupa, chukua. Lakini wewe enda ujue nini ilikatika, halafu urudi uniambie. Mimi sitaki kuvunjwa bega na kitu haina jina.”

Maneno hayo hayakumwacha alale. Gari lilikuwa limevutwa hadi nyumbani kwake. Kesho yake aliinama kwa mara ya kwanza maishani kulichungulia chini, akaona gurudumu moja la mbele limelowa mafuta. Aliomba jirani amsaidie kufungua ule mpira mwembamba, akautia kwenye mfuko, akavuka mpaka kwenda Busia ya Kenya kwa mzee Wanjala, ambaye madereva wa pande zote mbili walimjua kwa kazi ya breki.

Wanjala aliukunja mpira, akaupindua, akautazama ulipopasukia, karibu na ncha ya chuma. Kisha akachukua kisu akaupasua kwa urefu. Nje ulionekana mzima. Ndani, karibu na ule mpasuko, ulikuwa umechanika vipande vidogovidogo, kama ganda la muhogo mkavu.

“Nani alikubadilishia padi?” aliuliza.

Imalingat akamwambia. Akamweleza pia jinsi kalipa ilivyokuwa ikining'inia.

“Ndiyo hiyo,” alisema Wanjala. “Huu mpira umetengenezwa kubeba mafuta. Haukutengenezwa kubeba chuma. Ukiuachia uzito ule, unavutika, unapinda pale shingoni, unaanza kuchanika ndani. Nje huoni kitu. Unafunga gari, unaenda zako. Kila ukikanyaga, mafuta yanasukuma palepale penye jeraha. Siku unayokanyaga kwa nguvu, kwisha.”

Akampeleka kwenye gari alilokuwa akilifanyia kazi. Kalipa ilikuwa imefunguliwa, lakini haikuyumba. Wanjala alikuwa ameifunga kwa waya mnene uliopindwa ncha zote mbili kama ndoana, ncha moja kwenye kalipa, nyingine kwenye springi iliyo juu ya gurudumu. Mpira ulikuwa umelegea, unapinda taratibu bila kuvutwa.

Imalingat alisimama pale mpaka kazi ikaisha. Kisha akasema, “Mzee, nifundishe.”

“Wewe si dereva?”

“Nilikuwa.”

Wanjala akacheka, akampa kitambaa afute diski.

Siku iliyofuata Imalingat alikwenda Masaba. Mama Taaka alikuwa amesharudi nyumbani, anachambua karanga kwa mkono mmoja. Imalingat aliutandaza mpira uliopasuliwa juu ya ungo, akaeleza yote bila kuficha kwamba yeye mwenyewe alikuwa amesimama pale akitazama.

“Kumbe,” mama Taaka akasema, akiugusa kwa kidole. “Ni kama mtoto. Ukimnyanyua kwa mkono moja, bega linachomoka.”

“Ni hivyohivyo, mama.”

“Na yule fundi, umemwambia?”

Imalingat hakuwa amemwambia. Kila alipomfikiria Arnold, hasira ilimpanda, naye aliogopa kitakachotokea wakikutana.

“Leo pia amefungua gari ya mtu,” mama Taaka alisema. “Enda.”

Akaenda. Arnold alipomwona anakuja alishika spana kwa nguvu, kwa kuwa habari za ajali zilikuwa zimemfikia. Imalingat hakumsalimu. Alimpa ule mpira, akamwonyesha ndani, akamweleza alivyosema Wanjala. Arnold aliutazama sana, na uso wake ukabadilika.

“Hata aliyenifunza mimi alifanya hivyo,” alisema mwishowe kwa sauti ndogo. “Hakuna mtu alinionyesha ndani yake.”

“Mimi pia sikujua,” Imalingat akajibu, akashangaa kusikia hasira yake imetulia. Alikaa chini kwenye tairi. Wakapinda waya pamoja, wakaujaribu kwenye gari lililokuwa limeinuliwa juu ya stendi za chuma, na wa kwanza ukawa mfupi mno.

Imalingat alikaa kwa Wanjala mpaka mzee akamwamini kufanya breki peke yake. Kisha akafungua gereji yake ndogo upande wetu, si mbali na ya Arnold, na hadi leo wawili hao huazimana vifaa. Ukimpelekea gari, usimharakishe. Haingizi mikono chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Lazima kwanza aweke stendi. Hafungui kalipa mpaka waya uwe tayari mkononi. Na akimaliza anakanyaga pedali mara kadhaa kabla gari halijasogea hata kidogo, mpaka padi zikae mahali pake. Wapo wanaolalamika kwamba anachelewesha. Wanarudi hata hivyo.

Mama Taaka, hata bega lilipopona, hakutaka tena kupanda gari. Aliacha soko la Tororo, akawa anauza mukene wake palepale senta, penye maduka ya kijiji, akienda kwa miguu. Watoto wake walimbembeleza wakachoka.

Kisha Phiona, mjukuu wake aliyemlea, akaposwa na kijana wa Nagongera, mbali mno kwa miguu. Siku moja kabla ya harusi mama Taaka aliingia kwenye gereji ya Imalingat, amejifunga kanga, hana salamu ndefu.

“Nasikia unalo gari jingine.”

“Ninalo, mama.”

“Fungua breki nione.”

Imalingat hakuuliza kwa nini. Akamletea benchi, akapandisha gari, akatoa gurudumu. Alipoifungua kalipa, mama Taaka akanyoosha mikono. “Lete nishike.” Akaipokea, Imalingat akiishikilia kwa chini isivute mpira, na macho yakamtoka. “Uuuwi! Kitu kizito hivi kwa kamba nyembamba hivi!”

Imalingat akaitundika kwenye springi. Mama Taaka akapitisha kidole kwenye mpira, akaona umelegea. Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kutazama mpaka nati ya mwisho ikakazwa.

Asubuhi ya harusi alipanda kiti cha nyuma, si cha mbele, pamoja na dada zake wawili na sufuria za karanga. Walipokaribia mteremko wa mpunga alishika kiti cha mbele kwa nguvu. Imalingat alianza kupunguza mwendo mapema kabisa, kabla barabara haijaanza kushuka. Gari likatii. Mpunga ulikuwa umekomaa pande zote mbili, na wanawake waliokuwa wakifukuza ndege wakawapungia mkono.

“Pita,” mama Taaka akasema kutoka nyuma. “Harusi inatungoja.”

Nagongera walikuta ngoma zimeshaanza. Mama Taaka alishuka, akanyoosha busuti yake, lile gauni refu la sherehe, akamshika Imalingat mkono mbele ya wakwe wapya.

“Huyu ndiye alinivunja bega,” akawaambia.

Wakwe wakapigwa na butwaa, hawajui kama wamsalimu au wamfukuze. Mama Taaka akacheka, akamwita Phiona aje amwandalie mgeni wake kalo, ule ugali wa ulezi, na kuku.