Mzigo Kwanza Uende

Nilikasirika kabla hata hatujafika mlimani. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani baridi ndiyo iliyonitia hasira.

Tulikuwa walimu saba wa sekondari moja mjini Morogoro, wanawake watupu, tuliotia nia ya kupanda ule mlima mkubwa wa kaskazini wenye theluji kileleni. Wazo lilizaliwa chumba cha walimu, kati ya chai na vitumbua, na lingekufa hapohapo kama mawazo mengi ya chai, isipokuwa mwalimu wa hesabu ni mtu asiyeachia jambo likishaandikwa. Ndiye aliyempata kiongozi wa kupandisha watu milimani, mwanamke wa kaskazini, aliyekubali kuja kutufundisha Jumamosi na Jumapili. Alitoa masharti mawili. Twende wakati wa kipupwe, mahali penye mteremko mkali, tuonje kwanza baridi, ukungu na utelezi, ndipo tuzungumze habari za theluji. Na mwanamume asiwepo hata mmoja, kwa sababu wakiwepo wao, alisema, wanawake huwaachia kamba.

Mteremko na baridi, kwa mtu wa Morogoro, ni Mgeta. Wenzangu wote wakanigeukia.

"Si ndiyo kwenu huko?" akasema mwalimu wa hesabu. "Wewe mwenzetu hutapata shida. Umezoea."

Nikacheka nao, na moyoni nikachukia. Mgeta niliondoka nikiwa na miaka saba, nikalelewa mjini kwa mama mdogo. Ninafundisha jiografia. Naweza kukuchorea ubaoni mistari ya kontua ya mlima wowote unaoutaka na kukuonyesha wapi ni pakali na wapi ni pa kupumulia, lakini njia inayopanda hadi nyumbani kwa mama yangu mzazi sikuwa nimeikanyaga tangu mwaka niliopata kipaimara.

Nilivyokuwa nafanya ni hivi. Nampigia simu Ijumaa, Jumamosi asubuhi nafika stendi ya malori, pale yanapopakia kabichi za Dar, na mama anashuka kunipokea. Hashuki mikono mitupu. Anakuja na njegere, karoti, na mayai ya kienyeji aliyoyafukia kwenye ndoo ya pumba yasivunjike, vyote vyangu. Tunakaa kwenye benchi la mama muuza chai, tunaongea saa moja, ananibariki, narudi mjini na ndoo yangu. Halafu Jumatatu nawaambia watu kwamba nilikwenda kumsalimia mama.

Kipupwe cha mwaka uliopita aliteleza akavunjika mkono, pale kwenye kifundo. Alikuwa anashuka kuja kwangu. Mimi nilingoja stendi, nikapiga simu haipokelewi, nikanuna, nikapanda gari nikarudi. Jioni kaka yangu akanipigia. Bi mkubwa kateleza kidogo, akasema, mkono una shida ila wamemfunga, usihangaike, si unamjua yule, amezoea. Nikamjibu kwamba kweli, amezoea. Kisha nikaendelea kusahihisha mitihani ya kidato cha pili.

Tulimwambia ahamie mjini. Alikataa, na sababu yake ilikuwa nzito kuliko zetu: kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, shamba lile alipewa na mama yake, na baada yake ni langu. Maana yake mimi ndiye mrithi wa mteremko nisioweza kuupanda.

Basi Jumamosi hiyo tukawa juu ya kijiji, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, majani yamelowa manyunyu na ukungu umeshuka hata huoni kengele ya kigango iko upande gani. Mwalimu wetu wa mlima alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza, na akitembea alikuwa kama anachechemea kidogo. Alituvisha kofia ngumu, akatufunga mikanda ya kamba kiunoni na mapajani. Alikuja na mashoka mawili ya barafu ya kweli, yenye ncha ndefu upande mmoja. Hayakututosha watu saba, kwa hiyo alikuwa amenunua vijembe pale Dumila wakati anashuka kwa njia ya Dodoma, akaikata mipini yake iwe mifupi. Kijembe, alisema, na shoka la barafu ni ndugu.

Somo la kwanza lilikuwa kuanguka. Unajiachia mteremkoni makusudi, kwa mgongo, unateleza. Halafu unageuka kifudifudi, unachoma ncha ardhini karibu na bega, unailalia kwa kifua chako chote, na kuchimba kwa vidole vya miguu mpaka usimame. Kwenye barafu, ukiwa umefunga vile vyuma vyenye meno chini ya viatu, miguu huinuliwa juu isije ikanasa ikakupindua. Lakini kabla ya yote hayo kuna jambo moja, na alitufanya tulikariri kama watoto wa chekechea: mzigo kwanza uende. Kama umeshika kitu, kiachie. Mwenye mikono iliyojaa hana mikono.

Nilianguka mara tano. Mara ya sita nikasimama ndani ya hatua tatu, tope hadi kwenye meno, na wenzangu wakapiga makofi. Nilitazama saa. Ilikuwa imenichukua nusu saa kujifunza.

Nusu saa. Hapo ndipo hasira ilipoanza kunipanda kwelikweli. Mama yangu ana miaka sitini na tisa, na katika maisha yake yote hakuna mtu, si mganga wa zahanati, si bwana shamba, si padri, si sisi wanawe tuliosomeshwa kwa karoti zake, aliyewahi kumpa nusu saa ya namna hiyo.

Nikiwa bado najifuta, wanawake wanne walikatiza shamba na mizigo kichwani, wanashuka stendi. Magunia ya kabichi, ndala miguuni, kanga zimekazwa viunoni. Tulisalimiana. Wa mbele akasimama, akatutazama tunavyojirusha mmojammoja kwenye majani.

"Mnafundishwa kuanguka?" akauliza. "Mbona sisi tunaanguka bure."

Tulicheka wote, na wao wakacheka wakaendelea kushuka. Mwalimu wa hesabu akatoa simu akawapiga picha migongoni. Akasema tuone wanavyotembea, sisi tumejaza kamba na makofia, wao na ndala tu. "Hawa watu wamezoea, bwana," akasema.

Nikamlipukia. Nilimuuliza wamezoea nini. Nikamuuliza kama aliwahi kuona mfupa uliozoea kuvunjika. Nikasema neno hilo ndilo tunalolitumia kila tukitaka mtu aendelee kuumia sisi tukiwa na raha zetu: mfanyakazi wa ndani alale jikoni, amezoea, mlinzi akae na mvua, amezoea, mama wa kijijini ashushe gunia la kabichi kwenye utelezi ili mtu wa Dar apate kachumbari, amezoea huyo. Nilisema mengi, kwa sauti ambayo siitumii hata kwa kidato cha pili. Mwenzangu masikini alibaki na simu yake mkononi.

Aliyeingilia kati ni mwalimu wetu wa mlima. Alikaa kwenye majani, akavua kiatu cha kulia na soksi. Vidole viwili vya pembeni havikuwepo.

"Mimi nilianza kwa kubeba mizigo ya wageni," akasema. "Nilipolalamika viatu vinavuja, waliniambia wewe mtoto wa huku, umezoea baridi. Hivi viwili havikuzoea."

Akavaa kiatu, akatuambia turudi kuanguka.

Usiku ule sikumwomba radhi mwalimu wa hesabu, na ilinipasa. Nyani haoni kundule. Yeye alilisema neno lile kwa watu asiowajua. Mimi nililisema kwa mama yangu akiwa na mkono uliofungwa mti, halafu nikachukua kalamu nyekundu.

Jumapili tulimaliza saa sita. Wenzangu walikaa chini kunywa supu kungoja gari la alasiri. Nikaomba ruhusa, nikachukua kijembe changu, nikaishika njia ya nyumbani. Nilipanda kwa muda mrefu, mikono magotini, nikihema hata kuona aibu mbele ya watoto walionipita wakikimbia. Niliikagua njia kama anavyokagua mtu anayetafuta wa kumshtaki. Kuna mahali panne ambapo ukiteleza huna cha kushika. Pa nne, pa juu kabisa, ni ukingo mwembamba chini ya uwanja wetu, bonde liko kushoto na udongo mwekundu una mng'ao.

Nilimkuta mama mlangoni. Ndoo ilikuwa mkononi, kanga kajifunga kibwebwe. Alikuwa amesikia kwa majirani waliotoka kanisani kwamba niko Mgeta, na alikuwa anashuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepanda mwenyewe?" Akanitazama kuanzia kofia ngumu hadi viatu. "Kuna nini? Nani kafariki?"

Kwamba mwanawe akipanda nyumbani lazima pawe na msiba, hilo peke yake lilitosha kunichoma. Nikamwambia hakuna msiba, akae, nina jambo la kumwonyesha. Na pale uwanjani, penye kamteremko ka kupelekea bandani, mimi mwalimu mzima nikajiangusha kwenye tope, nikageuka, nikachoma kijembe, nikasimama. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu hakucheka tena, alikuwa anatazama mikono yangu.

"Na mzigo?" akauliza.

"Unauachia. Mzigo kwanza uende."

"Hata mayai?"

"Hata mayai, mama."

Akaupapasa mkono wake, ambao ulipona ukiwa umepinda kidogo. Akasema siku ile aliishika ndoo. Alijua anaanguka, akaipandisha kifuani, akaangukia mkono.

Sasa, sijui kama mtu anaweza kuwa na wazimu wa namna hii, lakini baada ya yote niliyoyasema jana yake, neno lenyewe likanitoka. Nilitaka kumfariji. Nikamwambia lakini mama, njia ile wewe umeizoea.

"Nani kakwambia nimezoea?" Hakupandisha sauti. "Naiogopa toka mtoto. Kila nikishuka naiogopa. Nashuka kwa kuwa wewe hupandi."

Nilimpokonya ndoo. Nikamwambia, kwa ukali ambao haukumhusu yeye, kwamba hatashuka leo wala Jumamosi nyingine yoyote, kwamba mayai yangu nitakuja kuyachukua mwenyewe hapa mlangoni, na kwamba nikishafika mjini nitamtafutia kijembe chake kama hiki. Akasema haya. Akanisindikiza mpaka ukingoni mwa uwanja, nikamwamuru aishie hapo.

Nilishuka, ndoo kushoto na kijembe kulia. Sikufika hatua ishirini. Pale pembamba, penye udongo mwekundu, mguu ukaniacha. Nilijua la kufanya. Nilikuwa nimelifanya mara zisizohesabika tangu jana, mbele ya mashahidi. Nikakitupa kijembe, nikaikumbatia ndoo kwa mikono miwili, nikateleza hivyo hivyo kwa mgongo mpaka kisiki cha mgomba kikanizuia juu kidogo ya bonde.

Kiwiko kilikuwa kinavuja damu. Kofia ilikuwa imenifunika macho. Nililia kwa hasira, na safari hii nilijua ni ya nani.

"Umeumia?" mama akaita kutoka juu.

Nilikuwa nimekwisha kuingiza mkono kwenye pumba, nayapapasa moja moja.

"Mayai mazima, mama," nikamjibu.