Ng'ombe wa Mkaa Katikati ya Ukumbi

Wasomaji wenzangu, nichekeni tu, maana hata mimi nimejicheka.

Nilipopata tuzo ya uchoraji Arusha, niliandaa maonyesho nyumbani Katesh, kwenye ukumbi wa kanisa. Nikampigia simu mama yangu kule Getanuwas. "Shikamoo mama. Naomba ile picha yangu ya kwanza, ya utotoni."

Akanitumia kwa basi ng'ombe aliyechorwa kwa mkaa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Sikumkumbuka hata kidogo, lakini nilimpenda papo hapo.

Siku ya ufunguzi nikamtundika katikati kabisa. Nikashika kipaza sauti, nikawashukuru majaji, wafadhili na mchungaji, kisha nikawaonyesha wageni shingo ya yule ng'ombe. "Tazameni mstari huu! Kipaji hakifundishwi, ndugu zangu. Hapa nilikuwa mtoto mdogo tu!" Watu wakapiga makofi, wengine wakatoa simu wapige picha.

Mama alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na kitenge chake.

"Mwanangu," akasema, "huyo nilimchora mimi. Ulikuwa na homa, unalia, nikakuchorea unyamaze. Ndiyo picha yako ya kwanza, nilikupa mwenyewe."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Masikio yaliniwaka moto.

"Mama, mbona hujawahi kuniambia kuwa unachora?"

"Uliniuliza lini?"

Nikasema, "Asante, mama," na kipaza sauti kikalipeleka neno hilo mpaka barabarani.